Kuisoma Maestro ukiwa na penseli: tafuta "kumbe"

Mpwa wangu aliponiletea Maestro ya Peter Goldsworthy, riwaya ya Australia iliyotoka 1989, alikuwa ameshaimaliza na kujaza kurasa tatu za muhtasari. Mwaka 1967 Paul Crabbe, kijana aliyehamia Darwin, mji wa kaskazini mwa Australia, na wazazi wake, anaanza kufundishwa piano na mzee Eduard Keller, mtu wa Vienna, mji mkuu wa Austria. Hakuna alichokosea. "Sasa shangazi, insha niandike nini?"

Nilimwambia arudi mwanzo, penseli mkononi. Anayesimulia ni Paul aliyekwisha kuwa mtu mzima, na tangu ukurasa wa kwanza anatuonya kwamba alivyomwona Keller siku ile sivyo alivyokuwa. Basi kila mara Paul mtu mzima anapomsahihisha Paul kijana, andika pembeni neno moja: kumbe. Mzee mlevi mwenye uso mwekundu, kumbe. Ukifika mwisho, zihesabu. Utaona zinavyozidi kuuma, kwa sababu zile za mwisho Keller hayupo tena wa kuombwa radhi.

Pili, tenga ukurasa wa daftari kwa ajili ya mikono tu. Masomo ya mwanzo Keller hamruhusu Paul kupiga. Anamsomesha vidole, kimoja kimoja, kana kwamba kila kimoja kina tabia yake. Wanafunzi wengi huruka hapo wakidhani ni vituko vya mzee. Mimi niliimba do-re-mi miezi miwili kabla mwalimu wetu wa kwaya hajaniruhusu kugusa kinanda, nikamchukia kwelikweli, kwa hiyo hasira ya Paul naijua. Andika kila kidole kinachotajwa. Kisha jiulize kwa nini Keller mwenyewe amepungukiwa kidole kimoja, na usijibu mpaka umalize kitabu.

Tatu, chora safu mbili, Vienna na Darwin. Upande wa Vienna weka Machi 1938, Hitler alipoitwaa Austria. Keller alibaki mjini, akiamini jina lake kubwa la mpiga piano litamkinga mkewe Mathilde, Myahudi, pamoja na mtoto wao Eric. Halikuwakinga. Upande wa Darwin weka 1967, na kimbunga Tracy cha Krismasi ya 1974. Historia ya vita usiirefushe. Mistari miwili ndani ya insha inatosha.

Pale usipopaswa kuharakisha ni kwenye madaftari ambamo Keller hubandika vipande vya magazeti kuhusu ujinga na ukatili wa binadamu. Soma vipande hivyo kwa sauti. Mtu aliyepoteza kila kitu kwa kuamini muziki utamwokoa anakusanya ushahidi kila siku, na ndiyo maana hamwamini Paul anapopiga kwa urembo mwingi. Kama una simu, sikiliza kipande chepesi cha Bach, kile cha watoto wanaoanza, halafu urudie ukurasa.

Ukikaa kuandika, chagua kumbe moja, kidole kimoja na mwaka mmoja, uvifunge pamoja katika sentensi ya kwanza. Mpwa wangu alichukua kidole kisichokuwepo, 1938, na ile kumbe ya Paul alipokwenda Vienna kuuliza habari za mwalimu wake. Muhtasari wa kurasa tatu hakuugusa tena.