Namna ya Kukishawishi Kikundi cha Vikoba Kipunguze Mkaa

Anayetaka majirani zake wapunguze mkaa kwa kawaida huanza na misitu na mabadiliko ya tabianchi, husikilizwa kwa adabu, kisha kila mmoja hurudi kwenye jiko lake la zamani. Hoja zenyewe ni za kweli: kilo moja ya mkaa wa tanuri la udongo hula kilo tano za kuni au zaidi, na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umekusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Hata hivyo, mama anayenunua mkaa kwa kisado kila jioni hupiga hesabu ya jioni hiyo, na wewe mpelekee hesabu ya jioni hiyo.

Chagua siku ya kikao cha kikundi, katika nyumba yenye LUKU, na uazime presha kuka ya umeme kwa mtu anayeijua. Pima kilo mbili za maharage ya gunia moja, kilo moja ya presha kuka na kilo moja ya jiko la mkaa, na yote yasilowekwe, maana aliyeloweka ya upande mmoja atakuwa ameshaharibu ushahidi. Kabla ya kuwasha chochote, mwombe mwanakikundi asome kwa sauti uniti zilizobaki kwenye LUKU na katibu aziandike. Vifaa vingine vya umeme vizimwe mpaka mapishi yaishe. Mkaa nao upimwe kwa mizani ya dukani. Maharage yataiva huku michango ikihesabiwa.

Sehemu inayokosewa sana ni ya mwisho. Mkaa uliobaki jikoni lazima uzimwe kwa kufunikwa ndani ya sufuria kuukuu, ukishapoa upimwe tena, kwani ukimwagiwa maji utaongezeka uzito na hesabu itaonyesha kwamba mkaa mchache tu ndio uliotumika. Kilo ya maharage kwenye presha kuka kwa kawaida haifikishi uniti moja ya umeme. Namba hiyo usiitangaze mapema. Acha waione wenyewe kwenye LUKU, kisha wafanye hesabu kwa bei ya mkaa wa mtaani kwao.

Atakayesema maharage ya mkaa ndiyo matamu, na hakosekani, mpe bakuli mbili zisizo na alama aonje. Atakayesema umeme utamfilisi anastahili jibu la makini zaidi. Mteja mdogo wa majumbani aliye katika kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo hutozwa shilingi 350. Kwa hiyo kila mwanakikundi aangalie kwanza hutumia uniti ngapi kwa mwezi, na mwenye friji asidanganywe kwamba atapikia bei ya chini. Hata hivyo, hata kwa shilingi 350 kwa uniti, kilo hiyo ya maharage bado inaweza kulinganishwa na mkaa bila aibu. Na akiuliza umeme wenyewe unatoka wapi, mweleze kwamba sehemu yake hutokana na gesi asilia, lakini bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji limejengwa kuzalisha megawati 2,115 kwa nguvu ya maji.

Usimwambie mtu atupe jiko la mkaa. Umeme hukatika, na ugali wa familia kubwa haupikwi vizuri ndani ya presha kuka. Kinachotakiwa kuhama kwanza ni vyakula vinavyokaa jikoni saa nyingi, kama maharage, makande na nyama ngumu, kwa sababu ndivyo vinavyomaliza mkaa. Kagua pia soketi: ekstensheni nyembamba ya bei rahisi hupata moto na kuyeyuka, na ajali moja ya namna hiyo itakirudisha kikundi kizima kwenye mkaa.

Wakikubali, kikundi kinunue presha kuka moja kila mzunguko na kumkopesha mwanachama mmoja, ambaye atatunza risiti zake za LUKU kwa mwezi mzima. Risiti hizo, pamoja na daftari la katibu, ndizo za kupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa mnapoomba nafasi ya kupika tena mbele ya mkutano wa wakazi wote.