Ukiokota kigae cha kale, usikioshe: mwongozo kwa wakulima, mafundi na wakusanyaji wa Unguja na Pemba

Anayechimba karo, msingi wa nyumba au shamba la muhogo kando ya mahame hukutana na vitu vya kale kabla ya mtaalamu yeyote. Dakika kumi za mwanzo ndizo zinazoamua kama kitu hicho kitasema lolote.

Simamisha jembe. Kilichobaki nusu ndani ya udongo kiache hivyo hivyo, usikivute. Piga picha tatu: ya mbali, inayoonesha mnazi au ukuta usiohama, ya hatua mbili tatu, na ya karibu, ukiwa umeweka rula pembeni. Huna rula, weka sarafu ya shilingi 200. Mahali ulipo pasome kwenye ramani ya simu ukiwa sehemu ya wazi, kwani chini ya mikarafuu iliyofungamana simu hukosea kwa mita nyingi. Kisha pima kina: vuta uzi ukingo hadi ukingo wa shimo, unyooke, halafu shusha futi ya fundi kutoka kwenye uzi hadi kwenye kitu. Andika sentimita, na rangi ya udongo. Mweusi wenye majivu na magamba ya kome ni jaa la watu wa zamani. Mwekundu usio na kitu mara nyingi ni ardhi ya asili.

Mahali na kina kitu kilipolala, na vilivyolala pamoja nacho, vina thamani kuliko kitu chenyewe, na Mtambwe Mkuu, Pemba, panaonesha kwa nini. Mwaka 1984 uchimbaji wa kitaalamu ulikuta hapo lundo la sarafu: za fedha zaidi ya 2,000, na dinari chache za dhahabu. Za fedha ni ndogo mno, zina majina ya watawala wa pwani hii, lakini hazina mwaka. Dinari zilizofukiwa pamoja nazo, zikiwemo za Wafatimi, watawala wa Kiislamu wa Misri ya zamani, ndizo zilizosaidia kuzipa umri. Lau mtu angetangulia, dhahabu akaipeleka kwa sonara na fedha akawagaia watoto, zile za fedha zingebaki majina matupu.

Hata udongo husema. Tumbe na Chwaka, huko huko Pemba, wachimbaji wa kitaalamu waliuloweka udongo ndani ya maji, mbegu zilizoungua zikaelea. Tumbe, mji wa karne ya 7 hadi ya 10, nafaka kubwa ilikuwa uwele. Chwaka, iliyokuja baadaye, mpunga ukatawala. Hakuna mkusanyaji aliyewahi kutia mfukoni punje nyeusi ya uwele, na anayefukua shimo akitafuta sarafu huzitupa pembeni pamoja na kifusi.

Sasa makosa ya kila siku. Sarafu husuguliwa kwa ndimu, siki au dawa ya meno ili ing'are. Ile kutu ya kijani kwenye shaba ndiyo iliyobeba herufi; ukiikwangua unabaki na kibati laini. Chungu cha udongo huoshwa kwa brashi, na masizi na mafuta ya chakula yaliyoganda ndani, ambayo maabara ingeyasoma, yakaenda na maji. Mkaa hushikwa kwa vidole na kufungwa kwa pamba, wakati pamba ni kaboni ya leo na huchafua kipimo cha umri: uokote kwa ncha ya kisu safi, uufunge kwa karatasi ya aluminiamu. Chuma kitie ndani ya kopo kavu pamoja na vile vifuko vya chembe vinavyokuja na maboksi ya viatu. Kilichotoka baharini ni kinyume chake: kikae ndani ya maji yale yale ya bahari, maana kikikauka mbao hupasuka na chumvi hubandua rangi ya kauri. Bora zaidi ukiache huko huko chini. Na gundi ya haraka usiitumie kabisa.

Kila kitu na mfuko wake. Mfuko wa plastiki utoboe matundu matatu au manne, usitoe jasho. Ndani tia kipande cha kadi kilichoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka: shehia na jina la mahali, tarehe, kina, jina la aliyeokota. Kisha nenda kwa sheha, naye akufikishe Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Omba karatasi yenye idadi ya ulivyokabidhi. Ukikuta mifupa ya mtu, funika palepale na umwite sheha kabla ya kupiga picha yoyote.

Wenye makopo ya vigae nyumbani nao wana kazi. Msivimwage vyote pamoja kuvichagua kwa uzuri. Tengeni kwa mahali vilipotoka, na pale usipokumbuka andika "sikumbuki", kwani lebo ya kubahatisha inadanganya kuliko kukosa lebo. Msitupe vibaya vya sura: kigae chenye mifereji myembamba, ambacho wengi hukiona takataka, ni kifaa cha kunolea ushanga wa kome, na Tumbe vimepatikana kwa maelfu.

Ugomvi wa wakusanyaji na wataalamu una haki pande zote mbili. Mtaalamu huchukia kuona shimo la usiku katikati ya mahame. Mwanakijiji huchoka kuona watu wanachimba wiki sita, wanaondoka na mifuko, na hakuna anayerudi kusema walichokipata. Adai majibu hayo, ni haki yake. Ila kuchimba ili kutafuta vya kale kunahitaji kibali, na mashine ya kutafutia vyuma haiufanyi uchimbaji kuwa halali. Kumuuzia mgeni kigae ufukweni ndiko kunakozaa shimo la kesho yake.

Anayependa kukusanya akusanye picha. Ufukwe wa Unguja Ukuu unaliwa na bahari na vigae hutoka wenyewe. Simama mahali pale pale kila mwezi, bamvua likiisha, upige ukingo ule ule ukiwa na rula, uandike tarehe. Daftari la miaka miwili la namna hiyo hakuna mtafiti atakayelikataa.