Kuchunguza ukuaji wa seli T katika tezi ya thaimasi ya mtoto

Tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, hupokea seli changa kutoka kwenye uboho na kuzilea mpaka ziwe seli T, yaani seli za kinga ya mwili. Tishu tunayotumia hutokana na upasuaji wa moyo wa watoto, ambapo daktari hulazimika kukata sehemu ya tezi ili aufikie moyo. Usiipokee bila kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya mzazi iliyoandikwa.

Hatua ya 1. Hifadhi tishu katika RPMI, kiowevu cha kukuzia seli, juu ya barafu, kisha uandike umri wa mtoto na dawa alizopewa. Ulizia hasa dawa za steroidi, ambazo mara nyingi hutolewa katika upasuaji huu, kwa sababu seli zenye CD4 na CD8 kwa pamoja (CD ni majina ya protini za juu ya seli zinazotumika kuzitambua) hufa upesi zikikutana nazo, na asiyejua hilo ataudhani upungufu wa seli hizo kuwa ni maumbile ya mtoto.

Hatua ya 2. Ondoa mafuta na damu iliyoganda, katakata tishu, kisha isugue taratibu juu ya kichujio cha mikromita 70. Seli T changa hutoka bila kimeng'enya. Kolajenasi, kimeng'enya cha kulegeza tishu, ihitajiwe tu unapozitafuta seli za epithelia zinazozilea. Mchanganyiko ukivutika kama mlenda, hiyo ni DNA ya seli zilizokufa, nawe ongeza DNase, kimeng'enya kinachoikatakata.

Hatua ya 3. Tenga seli zenye CD34 kwa chembe za sumaku. Hizi ndizo chanzo cha safari yote, lakini ni takriban 1% tu au pungufu, ilhali zenye CD4 na CD8 kwa pamoja ni kama 80%, hivyo ukiruka hatua hii utakusanya takwimu nyingi za seli hizo zilizo nyingi na karibu usipate lolote kuhusu mwanzo.

Hatua ya 4. Tia kingamwili zenye rangi dhidi ya CD34, CD38, CD1a, CD3, CD4 na CD8, pamoja na rangi ya kutambua seli zilizokufa, kwa dakika 30 kwenye baridi na giza.

Hatua ya 5. Katika kusoma matokeo ya mashine inayopima rangi za seli moja moja (flow cytometer), ondoa kwanza seli zilizokufa na zilizogandana. Seli yenye CD34 isiyo na CD1a bado inaweza kukua na kuwa seli ya aina nyingine. CD1a ikitokea, imekwisha kuelekea kuwa seli T. Baadaye CD4 hutangulia CD8, kinyume cha panya, ambaye kwake CD8 ndiyo hutangulia. Basi usinakili mipaka ya kutenganisha seli kutoka katika kazi za panya, hata ziwe nzuri namna gani.

Hatua ya 6. Thibitisha kwa kuzikuza seli zisizo na CD1a juu ya OP9-DL1 (seli za kulea, OP9, zilizowekewa protini ya DL1), zikiwa na IL-7 na Flt3L, protini za kuchochea ukuaji, na nyingine juu ya OP9 isiyo na DL1. Penye DL1, ishara za Notch, kipokezi cha juu ya seli kinachoamshwa na DL1, huzisukuma ziwe seli T. Pasipo nayo, tafuta seli NK na seli za dendriti, ambazo ni seli nyingine za kinga.