Somo: Mafunzo kwa vitendo katika hospitali za Tanzania kwa wanaosomea udaktari na uuguzi ughaibuni

Somo hili linawahusu wanafunzi wa Ulaya na Marekani, hasa ninyi mnaozungumza Kiswahili, mnaoomba nafasi katika hospitali kama Muhimbili, KCMC au Bugando.

Hatua ya kwanza. Anza na chuo chako, si wakala. Msimamizi wako ajulikane kabla hujakata tiketi, na uulize kama ada unayolipa inafika hospitalini. Mwongozo wa mwaka 2010 wa WEIGHT, kikundi cha maadili ya mafunzo ya afya ya kimataifa, unataka mwenyeji naye anufaike. Mpango usioweza kueleza ananufaikaje, achana nao.

Hatua ya pili. Kamilisha vibali vya uhamiaji na vya baraza la taaluma yako. Ukikusudia utafiti, utahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, na idhini ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba.

Hatua ya tatu, iliyo muhimu kuliko zote. Usifanye usichoruhusiwa kufanya kwenu. Usiku wodi ya wazazi inapoelemewa, mtu anaweza kukuambia, "Wewe shona tu." Kama hujafundishwa kushona msamba na hakuna wa kukusimamia, kataa kwa heshima, kisha jitolee kupima presha au kushika taa. Wagonjwa wetu humwita daktari karibu kila aliyevaa koti jeupe, na wewe unayejua Kiswahili utaaminiwa upesi zaidi. Kwa hiyo jitambulishe mapema: "Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi, bado sijawa daktari. Naomba nikupime, ukikataa, utahudumiwa vilevile." Kisha nyamaza, umsubiri ajibu.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nikijichoma sindano iliyotumika nifanyeje?
Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, umwarifu msimamizi papo hapo. Dawa za kinga dhidi ya VVU, yaani PEP, zianze mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Hakikisha kabla ya safari kwamba utazipata.

Je, mzazi akikubali, naweza kupiga picha na mtoto wake wodini?
Hapana. Mzazi anayesubiri mwanawe atibiwe hana uhuru wa kukukatalia, na mtoto mwenyewe hajaulizwa.

Dada, wanafunzi wa Tanzania nao wanapataje nafasi huku kwetu?
IFMSA, shirikisho la kimataifa la vyama vya wanafunzi wa udaktari lililoanzishwa mwaka 1951, huendesha mabadilishano ya wanafunzi wa udaktari baina ya nchi. Kibano ni nauli na viza, kwa hiyo ninyi mlioko huko kibaneni chuo chenu kigharimie Mtanzania mmoja kila kinapotuma mwanafunzi wake mmoja.