Kata ukimya wa mwanzo kabla ya kupanda jukwaani

Kama unapiga sampla (kifaa kinachocheza vipande vya sauti vilivyorekodiwa, yaani sampuli) jukwaani na ngoma zako zinasikika zikichelewa, usikimbilie kulaumu vidole. Fungua kila sampuli uutazame mwanzo wake. Mara nyingi kuna ukimya mdogo kabla ya sauti kuanza, na milisekunde 20 tu zinatosha kuulegeza mdundo. Sogeza alama ya kuanzia hadi pale sauti inapochomoza, ila kata wimbi linapopita kwenye sifuri, la sivyo utasikia "tk" kila ukigonga padi. Anza na ngoma kubwa na snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali). Sauti ndefu za mandharinyuma zinaweza kusubiri.

Sampuli za hai-hati (matoazi mawili yanayogongana), ya wazi na ya kufungwa, ziweke kundi moja, ili moja ikilia nyingine inyamaze.

Mimi pia hupenda kurekodi upya tabaka tatu nne za sauti ziwe sampuli moja, ndani ya sampla yenyewe. Hapo unaokoa nafasi za sauti zinazoweza kulia pamoja. Sampla ya E-mu SP-1200 ya mwaka 1987 ilikuwa na nafasi 8 tu!

Ukimaliza, hifadhi papo hapo. Sampla nyingi za zamani husahau kila kitu zikizimwa.