Kuifuatilia Reli ya Bububu: Anza na Depo

Anayetaka kuijua reli iliyobeba abiria Unguja mjini asianze kwa kutafuta mataruma barabarani. Njia huzikwa chini ya lami, lakini depo huacha kuta na makaratasi. Kwa reli ya Bububu anzia Ngome Kongwe, pale Forodhani. Ndipo palipokuwa depo wakati kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney & Co. inajenga njia hiyo. Gari la moshi lilianza kazi 1905.

Kabla ya yote, tenganisha reli mbili. Wengi huvurugikiwa hapa. Ile ya kale ilikuwa ya Sultani Barghash (alitawala 1870–1888), kutoka mjini kwenda kasri lake la Chukwani, upande wa kusini. Ilivutwa na nyumbu kabla ya kuletwa injini ya mvuke, na upana baina ya vyuma ulikuwa kama sentimita 61. Ya Bububu ilielekea kaskazini, maili saba, upana kama sentimita 91. Kwenye picha ya zamani linganisha na mtu aliyesimama relini: mabega ya mtu mzima ni kama sentimita 45, kwa hiyo upana wa Bububu ni mabega mawili. Ukiona pia mnara umesimama juu ya Beit al-Ajaib lenyewe, jumba la masultani pale Forodhani, picha ni ya baada ya Waingereza kulipiga mizinga eneo la kasri 1896, hivyo si enzi ya Barghash. (Mnara huo uliporomoka Desemba 2020, usipoteze muda kuutumia kama alama ya kupimia.)

Makaratasi yako Nyaraka za Taifa, Kilimani. Omba magazeti rasmi ya serikali kuanzia 1904, na nenda na penseli, si kalamu ya wino. Usiishie 1922. Mwaka huo reli iliacha kubeba abiria, ila iliendelea kubeba mawe ya kujengea bandari kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana wazee wawili watakupa miaka miwili tofauti ya kufa kwa reli, na wote wakawa sawa.

Kwa wazee, usiulize “Babu, unaikumbuka treni?” Abiria wa wakati ule hawapo tena. Baada ya shikamoo, uliza: “Wazee wako walipandia wapi, wakashukia wapi?” Jibu la namna hiyo unaweza kulitia kwenye ramani.

Kisha panda daladala ya 502 hadi Bububu, urudi mjini kwa miguu asubuhi, jua halijakolea. Tafuta tuta refu lenye mteremko wa pole. Gari la moshi halipandi kilima cha ghafla wala halikati kona ya mraba; mchoro wako ukiwa na kona hiyo, umehamia barabara ya magari. Kwenye vijito angalia misingi ya mawe inayotazamana, pima nafasi baina yake, piga picha futikamba ikionekana. Vichochoro vya Malindi, mtaa wa Unguja mjini, huivuruga ramani ya simu, basi pima hatua kutoka pembe ya jengo linalojulikana. Ikiwa tuta limeingia uani kwa watu, piga hodi kwanza.

Kipande cha reli kilichogeuzwa nguzo si ushahidi wa njia, kwani chuma hubebwa. Kisugue ubavuni taratibu kwa brashi ya nyuzi laini. Mara nyingi kiwanda na mwaka vimechapwa hapo. Mwaka ukiwa baada ya 1905, hicho ni chuma cha matengenezo, au kimetoka kwingine kabisa.