Mbele ya gari kunagonga kwenye mashimo: pima na ubadilishe stebilaiza linki mwenyewe

Ukishuka taratibu kutoka Ilboru, au ukiingia mitaa ya Njiro isiyo na lami, mbele ya gari kunagonga: ko-ko, ko-ko, mlio mkavu kama kijiti kinachopigwa kwenye bomba tupu. Ukirudi kwenye lami, kimya. Wenye magari wengi wakiusikia mlio huu hununua shokapu mbili moja kwa moja, wakazifunga, na kesho yake mlio uko palepale. Mara nyingi kilichoisha ni stebilaiza linki, spea ya bei ndogo kuliko shokapu kwa mbali, na mtu mwenye jeki imara na spana chache anaibadilisha uani kwake kwa saa moja au mbili. Usitoe hela kabla hujapima.

Mwongozo huu ni wa magari madogo ambayo linki imefungwa kwenye mguu wa shokapu ya mbele, kama Corolla na Spacio.

Sikiliza kwanza

Fimbo ya stebilaiza huunganisha upande wa kulia na wa kushoto ili gari lisilale sana kwenye kona. Linki ndizo zinazoishika fimbo hiyo kwenye miguu ya shokapu. Kila ncha ya linki ina kijibolu cha chuma ndani ya kikombe, kimepakwa grisi na kufunikwa kwa raba. Raba ikipasuka, vumbi la kiangazi linaingia, kisha masika yanaingiza maji. Ukiifinya raba iliyopasuka, kinachotoka si grisi tena, ni uji wa kahawia wenye chengachenga, kama mashapo ya kahawa. Uji huo unasaga kijibolu mpaka kinapata mchezo, yaani kinalegea ndani ya kikombe.

Sasa fanya jaribio hili, kwa sababu ndilo linalookoa hela nyingi. Pita taratibu juu ya tuta la upana wa barabara nzima, matairi yote mawili ya mbele yapande kwa wakati mmoja. Fimbo haijipindi, inazunguka tu kwenye bushi zake (raba zinazoishika), na linki hazibebi mzigo. Kisha pita sehemu yenye mashimo, tairi moja lishuke huku jingine limepanda. Ikiwa kwenye tuta kuko kimya na kwenye mashimo kunagonga, shuku linki. Ikiwa panagonga hata kwenye tuta, au springi inaruka kwa kishindo unapozungusha steringi gari likiwa limesimama, angalia shokapu na bearingi yake ya juu. Mlio wa tak-tak-tak unapokata kona huku umekanyaga mafuta ni wa sivii joint (kiungo cha ekseli ya tairi la mbele), hiyo ni kazi nyingine.

Hakikisha kwa mkono

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanainua upande mmoja kwa jeki, wanatikisa linki, wanaona ngumu, wanasema nzima. Upande mmoja ukining'inia, fimbo inajipinda na kuibana linki, na mchezo wote unajificha. Pima gari likiwa na matairi yote chini. Zungusha steringi mpaka mwisho ili uione linki nyuma ya tairi, zima injini, shika linki karibu na kijibolu, na mwenzako asukume kona ya boneti juu na chini kwa nguvu. Linki iliyoisha utaihisi ikigonga vidoleni. Pima ncha ya juu na ya chini, pande zote mbili.

Ukiona springi imekatika, au boljointi ya wishboni (kiungo cha mkono wa chini unaoshika tairi) ina mchezo, acha. Boljointi ikichomoka tairi linalala barabarani, na springi iliyobanwa inaua ikifyatuka. Hizo zipelekwe kwa fundi mwenye vifaa vyake.

Spea na vifaa

Nunua linki mbili, kulia na kushoto, maana zimetembea umbali uleule. Dukani nenda na namba ya chesesi, si jina la gari tu: Spacio ya NZE121 na ya ZZE124, ambayo ni fowili (inasukumwa na matairi yote manne), usidhani zinatumia spea moja. Ukiweza kufungua ya zamani kwanza, pima kutoka katikati ya kijibolu kimoja hadi kingine, ulinganishe. Linki mpya nzuri kijibolu chake ni kigumu, unakisogeza kwa nguvu. Kikicheza kama kengele, rudisha. Na idai na nati zake mpya, kwa kuwa nati za kujifunga zikishatumika mara moja hazishiki vizuri tena.

Andaa jeki, stendi mbili, spana ya rimu ya 21, spana ya duara na soketi ya 17 (linki nyingine hutumia 14), alenki (ufunguo wa pembe sita) ya 5 na ya 6, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, na msumeno wa chuma endapo nati itagoma. Usiku wa kuamkia kazi, sugua nyuzi za nati kwa brashi na uzipulizie mafuta hayo. Hatua hii ndogo huamua kama utafungua kwa dakika kumi au utakata.

Kazi yenyewe

Tafuta sehemu tambarare na ngumu. Arusha upande wa Sakina, au Moshi kuelekea Kibosho, nyua nyingi zina mteremko, kwa hiyo ni heri uende kwa jirani mwenye uwanja wa saruji. Vuta handibreki, weka gia, weka kabari matairi ya nyuma. Legeza nati za rimu kabla ya kuinua. Inua mbele pande zote mbili na uweke stendi. Usitumie matofali ya saruji, hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Tairi ulilotoa lilaze chini ya gari kama akiba.

Pande zote mbili zikiwa juu, linki haina mvutano. Ingiza alenki kwenye tundu la mwisho wa pini, ishike isizunguke, kisha fungua nati kwa spana ya duara. Safisha tundu hilo kwanza kwa msumari, alenki iingie yote, la sivyo litaparuzika. Likishaparuzika, bana nyuma ya raba kwa vaisigripu (koleo la kujifunga), au kata pini kwa msumeno. Grainda isikaribie hapo: bomba la breki, waya wa ABS na raba ya sivii viko karibu, na cheche moja inatosha.

Funga mpya kwa mkono kwanza, juu na chini. Pini isipofika kwenye tundu, usilazimishe kwa nyundo. Weka jeki chini ya wishboni uinue kidogo kidogo mpaka zikutane. Kaza kwa spana ya duara huku umeshika alenki. Pini ikiacha kuzunguka, malizia kwa soketi. Kwa Corolla yenye nati ya 17, kipimo cha kukaza ni Nm (nyutoni-mita) 74. Ukiwa na mpini wa sentimita 30 tu, hiyo ni sawa na kuvuta uzito wa kilo 25 mwisho wa mpini, nusu ya mfuko wa saruji. Nati ndogo ya 14 usiipe nguvu hiyo, fuata kijitabu cha gari.

Rudisha tairi, kaza nati za rimu kwa mtindo wa msalaba, Nm 103 kwa Toyota nyingi ndogo, na uzirudie baada ya kilomita 50 hadi 100. Alaimenti haihitajiki, linki haibadilishi mwelekeo wa matairi.

Rudi kwenye mashimo yaleyale. Mlio ukibaki hafifu na mzito zaidi, angalia bushi mbili zinazoishika fimbo kwenye chesesi. Usizipake grisi ya kawaida, huvimbisha raba. Zibadilishe.